Kipimo cha mapema cha mimba ya mapacha: tulichokilipia na tulichokipata

Huduma ninayoitathmini hapa ni kipimo cha altrasaundi anachofanyiwa mjamzito wa mapacha kati ya wiki ya 11 na wiki ya 14, katika kituo kimoja cha binafsi cha picha za tiba jijini Dar es Salaam. Kituo sikitaji kwa jina, kwa kuwa wataalamu wa kazi hii huhama kutoka kwa mwajiri mmoja hadi mwingine na sifa huhama nao, tena kipimo cha namna hii kinatolewa na vituo na hospitali nyingine kadhaa. Ninachokipima ni huduma yenyewe, yaani mteja anaingia na swali gani na anatoka na jibu gani. Hukumu yangu naitoa mapema: mama aliyekwisha kuambiwa kwamba ana mapacha asisite kukilipia kipimo hiki, mradi ripoti atakayotoka nayo iwe imeandika makondo ni mangapi na mifuko ya maji ni mingapi. Ripoti isiyo na mambo hayo mawili, hata ikisindikizwa na picha za kupendeza kiasi gani, imempa mama nusu tu ya kile alichokilipia.

Nimeifahamu huduma hii nikiwa msindikizaji wa ndugu zangu wawili, mdogo wangu na binti wa mama yetu mdogo, waliobeba mimba za mapacha kwa kupishana miezi michache. Nyumbani habari hizo hazikumshangaza mtu, kwa sababu bibi yetu mzaa mama alizaa Kulwa na Doto, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba ni damu ya bibi iliyofanya kazi. Kipimo kilikuja kuonyesha kwamba maelezo hayo yanaweza kumfaa mmoja tu kati ya wale wawili.

Mapacha hutokea kwa njia kuu mbili. Njia ya kwanza, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, ni mwanamke kupevusha mayai mawili katika mzunguko mmoja, kila yai likarutubishwa na mbegu yake. Watoto wanaopatikana hivyo ni ndugu kama ndugu wengine wa baba na mama mmoja, wanaoshirikiana kwa wastani nusu ya vinasaba, ila wamekaa tumboni kwa wakati mmoja; wanaweza kuwa wa kike wawili, wa kiume wawili au mmoja wa kila jinsia, na wanaweza kufanana sana au wasifanane kabisa. Mapacha wa aina hii ndio wanaofuata ukoo, na ukoo unaohesabika ni wa mama, kwa sababu anayepevusha mayai ni mwanamke. Baba aliyezaliwa pacha hawezi kumfanya mkewe apevushe yai la pili, ingawa anaweza kumrithisha binti yake mwelekeo huo, ukaja kuonekana kwa wajukuu. Umri nao una mkono wake: mwanamke anapoelekea mwishoni mwa miaka ya thelathini, homoni inayochochea mayai hupanda, na uwezekano wa mayai mawili kupevuka pamoja huongezeka. Wanawake waliozaa mara nyingi, wanawake warefu, na wale wanaotumia vidonge vya kuchochea mayai kama klomifeni wamo katika kundi hilo hilo. Ndiyo maana wingi wa mapacha wa aina hii hutofautiana sana kutoka nchi hadi nchi: ni wachache Japani, ni wengi Afrika, na mji wa Igbo-Ora, kusini-magharibi mwa Nigeria, umejipatia jina duniani kwa ajili yao.

Njia ya pili kwa kawaida haifuati ukoo wala umri. Yai moja hurutubishwa na mbegu moja, kisha kiinitete, kikiwa bado ni kishada kidogo cha seli, hugawanyika na kuwa viwili. Jambo hilo hutokea kwa kiwango kinachokaribiana dunia nzima, kama mara 4 katika kila uzazi 1,000, na watoto wake huwa wa jinsia moja na wenye vinasaba vilevile. Hawa ndio tunaowaita mapacha wa kufanana, na elimu ya wengi wetu huishia hapo.

Kituo hiki kinastahili sifa kwa kuwa hakikuishia hapo. Daktari bingwa wa radiolojia anayesimamia vipimo alikaa nasi kabla ya kipimo, jambo ambalo sijalizoea, akaeleza kwamba siku ya kugawanyika ndiyo inayoamua watoto watagawana nini. Kiinitete kikigawanyika ndani ya siku 3 za mwanzo, hakuna kilichokwisha kujengwa, hivyo kila nusu hujijengea kondo lake na mfuko wake wa maji. Kikigawanyika kati ya siku ya 4 na ya 8, seli za nje zitakazokuwa kondo zimeshajitenga na zile za ndani. Zinazogawanyika ni za ndani peke yake, na watoto hupata kondo moja la shirika, kila mmoja akiwa ndani ya mfuko wake. Kati ya siku ya 8 na ya 13, hata mfuko wa maji umeshaanza kujengwa, kwa hiyo watoto hukaa katika mfuko mmoja na kulishwa na kondo moja. Mgawanyiko ukichelewa kupita hapo haukamiliki, na watoto huzaliwa wakiwa wameungana. Kama theluthi moja ya mapacha wa kufanana huangukia katika kundi la kwanza na karibu theluthi mbili katika kundi la pili, wakati wale wa mfuko mmoja ni kama asilimia 1 tu.

Maelezo hayo yanaziangusha imani mbili zilizoenea sana. Ya kwanza ni kwamba makondo mawili maana yake ni mapacha wasiofanana. Nimeisikia kwa majirani na hata kwa watu waliovaa sare za hospitali, ilhali theluthi nzima ya mapacha wa kufanana wana makondo mawili. Ya pili, ambayo ndiyo iliyotufikisha katika kituo hiki, ni kwamba kondo likionekana moja basi watoto ni wa kufanana. Mdogo wangu alikuwa amepimwa kwanza katika kituo kidogo cha jirani, akapewa karatasi yenye mstari mmoja juu ya suala hili: mapacha, kondo moja, mapigo ya moyo yapo. Kwa mdomo aliambiwa ni wa kufanana, na mashangazi walikuwa wameshaanza kuulizia nguo za sare. Lakini makondo mawili yanapojipandikiza karibu karibu ndani ya mfuko wa uzazi, hukua yakagusana na kuonekana kama kondo moja pana, na mtu anayehesabu vipande tu hawezi kuyatofautisha.

Chumba cha kipimo ni kidogo, kina giza la kutosha, na kioo cha pili kimetundikwa ukutani mbele ya kitanda ili mjamzito naye aone bila kupinda shingo. Sonografa, dada mtulivu asiyeonyesha haraka, alianza kwa kupima urefu wa kila kijusi kutoka utosini hadi matakoni, kipimo ambacho katika wiki hizi hutarajiwa kuwa kati ya milimita 45 na 84. Umri wa mimba aliuhesabu kwa kijusi kilichokuwa kirefu zaidi, akaeleza kwamba ukihesabu kwa kile kifupi unaweza kumdhania mtoto anayedumaa kuwa ndiye wa kawaida. Kisha akawapa watoto namba na kuandika mahali alipo kila mmoja: wa kwanza kushoto, karibu na mlango wa kizazi, wa pili kulia na juu. Mtu anaweza kuliona hilo kuwa urasimu, lakini ukuaji wa pacha hufuatiliwa kwa kulinganisha vipimo vyake mwenyewe vya wiki zilizotangulia, na watoto wakibadilishana namba kati ya kipimo na kipimo, mmoja anaweza kuacha kukua bila mtu kugundua.

Baada ya hapo akautafuta utando. Alilaza kifaa, akakiinua, akamkandamiza mdogo wangu kidogo ubavuni mpaka ule utando unaotenganisha watoto ukakaa mlalo, akagandisha picha na kuikuza. Pale utando ulipootea kutoka kwenye kondo palikuwa na kabari nyeupe ya nyama ya kondo, pana chini na nyembamba juu, iliyojipenyeza kati ya kuta za utando. Wataalamu huiita alama ya lambda, kwa sababu inafanana na herufi hiyo ya Kigiriki. Kabari haiwezi kupanda pale isipokuwa kila mtoto amezungukwa na kuta zake kamili na ana kondo lake, kwa hiyo kilichokuwa mbele yetu hakikuwa kondo moja bali mawili yaliyogusana. Utando wenyewe ulikuwa mnene, unaoonekana bila kubahatisha, na huo nao ni ushahidi wa pili. Ripoti iliandika makondo mawili, mifuko miwili, alama ya lambda imeonekana, na chini yake ikaongeza kwamba kufanana au kutofanana kwa watoto hakuwezi kuamuliwa kwa kipimo hiki. Kwangu, sentensi hiyo ya mwisho ina thamani kuliko picha zote, kwa kuwa ni nadra mtoa huduma kukwambia mahali ujuzi wake unapokomea. Baadaye, kipimo cha katikati ya mimba kilipoonyesha mvulana na msichana, swali lilijijibu lenyewe: yalikuwa mayai mawili, na bibi akapewa haki yake.

Binti wa mama mdogo alipoingia katika chumba kile kile, mambo yalikuwa kinyume. Utando wake ulikuwa mwembamba kiasi kwamba ulionekana na kupotea kila kifaa kiliposogea, na ulipokutana na kondo ulisimama wima juu yake kama herufi T, bila kabari yoyote. Kondo moja, mifuko miwili. Hapa hapakuhitajika kipimo cha vinasaba, kwa sababu watoto wanaoshirikiana kondo moja la kweli karibu daima wametokana na yai moja. Kwa maneno mengine, mimba hii ilitokana na kiinitete kugawanyika mnamo juma la kwanza, na damu ya bibi haikuhusika. Mama mdogo hakulifurahia hitimisho hilo, na sidhani kama amelikubali hadi leo.

Tofauti kati ya alama hizo mbili ndiyo biashara yote ya huduma hii, na inafaa niieleze kwa kirefu. Kondo moja linapolisha watoto wawili, mishipa ya damu ya mmoja na ya mwingine huungana juu ya uso wa kondo karibu kila mara. Kwa kawaida damu inayokwenda na inayorudi hulingana, na watoto hukua bila matatizo. Katika mimba 10 hadi 15 kati ya kila 100 za namna hii, ulinganifu hupotea: ateri ya mtoto mmoja humwaga damu katika vena ya mwenzake, na inayorudi haitoshi. Anayetoa hupungukiwa, hukojoa kidogo, na kwa kuwa maji ya mfuko kwa sehemu kubwa ni mkojo wa mtoto, mfuko wake hukauka hadi utando unamganda mwilini. Anayepokea hukojoa kupita kiasi, mfuko wake hufura, na moyo wake huelemewa na damu isiyo yake. Mpimaji hutafuta kina kirefu zaidi cha maji katika kila mfuko; akikuta chini ya sentimita 2 upande mmoja na zaidi ya sentimita 8 upande wa pili, na kibofu cha mtoto mmoja hakionekani kabisa, hana tena sababu ya kusubiri. Hali hiyo ikianza mapema na ikaachwa bila tiba, watoto wengi hufa, mara nyingi wote wawili. Tiba yake ni kuingiza darubini nyembamba katika mfuko wa uzazi na kuiziba mishipa ile kwa mwale wa leza, kazi inayofanywa katika vituo maalumu vichache. Mahali ambapo leza haipo, kujua mapema bado kunasaidia, kwa kuwa madaktari wanaweza kupunguza maji yaliyozidi, kupanga rufaa, na kuamua mtoto atolewe lini.

Mama mwenyewe haoni dalili mpaka tumbo limefura ghafla, na ndiyo sababu mimba ya kondo moja hupimwa kila baada ya wiki 2 kuanzia wiki ya 16, wakati ile ya makondo mawili hutosheka na kipimo cha kila wiki 4. Hata siku ya kujifungua huamuliwa na hesabu hiyo hiyo: mimba isiyo na tatizo yenye makondo mawili huachwa hadi kama wiki ya 37, ya kondo moja hadi kama wiki ya 36, na ya mfuko mmoja hutolewa kwa upasuaji kati ya wiki ya 32 na ya 34, kwa kukubali kupata watoto njiti kuliko kuhatarisha maisha yao. Ukipewa karatasi iliyoandikwa mapacha bila maelezo zaidi, hujui uko katika ratiba ipi kati ya hizo tatu.

Sasa nieleze kasoro, maana zipo, na moja si ndogo. Kituo hutoa kijikaratasi cha tarehe ya kurudi, na kijikaratasi kilichotoka kwenye mashine kwa ajili ya binti wa mama mdogo kilimwambia arudi baada ya wiki 4, kama kilivyokuwa kimemwambia mdogo wangu. Nilipouliza dirishani, mhudumu alijibu kwamba mapacha wote hupangiwa hivyo. Ilibidi daktari aitwe, akakasirika, akaandika tarehe nyingine kwa mkono wake na kutia saini. Sasa fikiria mama aliyekuja peke yake, ambaye hakuwa amesikia habari za wiki 2. Yeye angeondoka na ripoti sahihi na tarehe isiyo sahihi, na angeifuata tarehe.

Kasoro nyingine ni ya ripoti yenyewe. Imeandikwa yote kwa Kiingereza, na lile jambo muhimu kuliko yote limefichwa ndani ya kifupisho cha herufi nne katikati ya aya. Daktari wa uzazi atakielewa, lakini nesi wa zahanati anayempokea mama usiku wa manane huenda asikielewe, na mama hatakielewa kabisa. Mistari mitatu ya Kiswahili juu ya karatasi ingetosha. Isitoshe, picha tulizochapishiwa zilikuwa za nyuso na vidole, ambazo kweli zinapendeza, lakini picha ya ule utando, ambayo ndiyo daktari mwingine angetaka kuiona ili athibitishe kwa macho yake, haikuchapishwa mpaka tulipoiomba. Foleni sitaizungumzia, ni foleni ya Dar es Salaam.

Kuhusu aina za mapacha zilizo adimu, kituo kilieleza kwa ufupi, na ufupi huo ulitosha. Watoto wa mfuko mmoja hatari yao kubwa ni kamba za kitovu kujisokota na kufungana, jambo ambalo linaweza kuonekana mapema kwa mtaalamu anayelitafuta. Walioungana ni wachache sana kuliko hao, na Watanzania hawahitaji kuelezwa kwa michoro, kwa kuwa tuliwafahamu Maria na Consolata Mwakikuti, waliozaliwa wilayani Makete mwaka 1996, wakasoma hadi wakaingia chuo kikuu mjini Iringa, na wakafariki Juni 2018. Mayai mawili ya mzunguko mmoja yanaweza pia kurutubishwa na mbegu za wanaume wawili tofauti. Ni jambo lililothibitishwa kwa vipimo vya vinasaba katika nchi kadhaa, na kama kuna swali ambalo daktari wa altrasaundi hapaswi kuulizwa mbele ya mashemeji, ni hilo.

Lakini kuna aina moja ambayo ningetamani kila mpimaji aifahamu, kwa sababu iligunduliwa kwa kipimo cha namna hii hii. Huko Brisbane, Australia, mama mmoja alipimwa akiwa na wiki 6, likaonekana kondo moja, na madaktari wakatarajia mapacha wa kufanana. Katika wiki ya 14 wakaonekana mvulana na msichana, jambo lisilowezekana kwa mapacha wa kufanana wa kawaida. Vinasaba vilionyesha kwamba yai moja lilikuwa limeingiwa na mbegu mbili kwa wakati mmoja, kisha seli zikagawanyika katika makundi mawili: watoto walilingana kabisa upande wa mama, na kwa kama asilimia 78 upande wa baba. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 2019, na kabla yake kisa cha namna hiyo kilikuwa kimeripotiwa mara moja tu, nchini Marekani, mwaka 2007. Mtu aliyepima mara moja na kufunga jalada asingekigundua.

Swali ambalo kipimo hiki hakiwezi kulijibu ni la watoto wa jinsia moja wenye makondo mawili. Hao wanaweza kuwa wa yai moja au wa mayai mawili, na hakuna picha itakayosema. Wakishazaliwa, njia ya bei nafuu ya kuanzia ni kupima kundi la damu: yakitofautiana, karibu hakuna shaka kwamba si wa yai moja, yakilingana, hujathibitisha kitu, kwa kuwa hata ndugu wa kawaida hulingana makundi. Jibu kamili hutolewa na kipimo cha vinasaba. Hapa nchini vipimo vya vinasaba vya binadamu husimamiwa na sheria ya mwaka 2009, na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupokea maombi kupitia mamlaka zinazotambuliwa na sheria, kama mahakama na maofisa ustawi wa jamii, kwa hiyo mzazi mwenye udadisi mtupu ajiandae kwa mlolongo. Kituo hiki hakikujaribu kutuuzia kipimo cha vinasaba cha kuagiza nje, na nakipa alama kwa hilo.

Wanaodhani kwamba kujua jambo hili ni anasa wakumbuke Boston, tarehe 23 Desemba 1954, ambapo Dk. Joseph Murray na wenzake walipandikiza figo ya Ronald Herrick kwa pacha wake Richard, upandikizaji wa kwanza wa figo kufanikiwa. Kabla ya upasuaji madaktari walimpandikiza mmoja kipande cha ngozi ya mwenzake. Mwili haukukikataa, wakajua kwamba ni wa yai moja na kwamba figo nayo itapokelewa. Richard aliishi miaka 8 zaidi. Watoto wa binti wa mama mdogo wana karatasi inayosema hivyo tangu wiki ya 12, na ningemshauri mama yao aitunze pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Limebaki suala la wakati na la bei. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unapendekeza kila mjamzito apate altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, na kwa mimba ya mtoto mmoja utaratibu huo unafaa. Kwa mapacha, anayekuja katika wiki ya 22 ametimiza mwongozo lakini amechelewa, kwa kuwa kabari ile ya lambda hufifia kadiri mimba inavyokua, na kutoiona wakati huo hakuthibitishi kwamba kondo ni moja. Kituo huwaeleza waziwazi wanaokuja baada ya wiki ya 14 kwamba jibu la makondo huenda lisiwe la uhakika, kabla hawajalipa. Ningependa tangazo hilo liwe ukutani badala ya kutegemea uungwana wa daktari aliye zamu.

Bei ni kama mara mbili ya altrasaundi ya kawaida ya mimba katika vituo vya jirani. Kwa kipimo kimoja cha mapema, naona ni halali, na kwa mjamzito wa makondo mawili huenda ndicho pekee atakachohitaji kukifuata huko. Kwa mwenye kondo moja hesabu inabadilika kabisa, kwa sababu kila wiki 2 kuanzia wiki ya 16 hadi ya 36 ni vipimo 11, na kituo hakina punguzo lolote la mfululizo. Binti wa mama mdogo alikichukua kipimo cha kwanza pale, kisha vingine vyote akavifuata katika hospitali ya serikali, ambako foleni ni ndefu lakini mashine hupima kina cha maji na kibofu sawasawa. Tulichokiomba kituo kifanye kabla hajaondoka ni kumchapishia picha ya utando pamoja na namba na mahali pa kila mtoto, ili mpimaji wa hospitali aanzie pale walipoishia wao. Walikubali, bila malipo ya ziada.